Pikipiki Inayozimika Darajani

Zahanati ya Nyakahura,
Biharamulo.
Jumapili, alasiri.

Kwa Kaka yangu Saidi,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii itakukuta gereji, mikono imejaa grisi kama kawaida yako, na utaipangusa kwenye suruali kabla ya kufungua bahasha, shemeji akuseme. Mama hajambo? Mguu wake umepoa, au bado unamsumbua akitoka shamba? Na huko Tunduru mvua zimekwendaje? Mimi mwili mzima, alhamdulillahi. Moyo ndio si mzima, kaka, na ndiyo maana nimekuandikia wewe na si mama. Nasikia siku hizi anasoma mwenyewe, kisomo kimemkubali, kwa hiyo barua hii usiiache mezani. Mwambie tu kwamba nipo, nakula, na kwamba huku ndizi wanazipika kwa kila namna lakini mimi bado nautamani ugali wake wa muhogo.

Wewe unanijua tangu utoto. Nyumba nzima mliwahi kunicheka kwa kuwa nilimkimbia bata. Basi nikikuambia kwamba naogopa, usiseme ni yale yale ya bata. Safari hii hata wewe ungeogopa.

Tangu vita ianze, gari la wilaya lililokuwa likituletea dawa limekwenda kubeba askari. Zahanati tukabaki na ile pikipiki kuukuu niliyokueleza, yenye kiti kilichoshonwa kwa ngozi ya mbuzi. Kila wiki naipanda kwenda Biharamulo mjini kuchukua dawa, na nikirudi salama nakaa kwanza chini, nanywa maji, ndipo naongea na watu. Barabara ni ya pori. Malori ya jeshi yanapita wakati wowote, na kila mgeni anatazamwa mara mbili kwa sababu inasemekana watu wa nduli wamejipenyeza. Mimi ni mgeni kuliko wageni wote. Kisubi sikijui, Kihangaza sikijui, na Kiswahili changu cha kusini wanakisikiliza huku wameinamisha kichwa, kama mtu anayeonja mboga isiyo na chumvi.

Petroli nayo imekuwa adimu. Wilaya hutupa madebe machache na kutuambia tuvumilie. Zahanati yetu imeezekwa nyasi, na ndani kuna jiko la kuchemshia sindano, kwa hiyo mwenyekiti wa kijiji alikataa petroli isilale pale. Ikapelekwa kwa Mzee Kagoma, kwa kuwa ana ghala la udongo lenye mlango wa mbao na kufuli, anamoweka asali yake.

Mzee Kagoma ndiye aliyenipa chumba nilipofika. Ni mfuga nyuki, Msubi wa hapa hapa, mtu mfupi anayetembea bila kutoa sauti. Wakati wa operesheni ya kuhamia vijijini alikataa kutoka kwake. Nyumba yake ikachomwa moto, naye akaja kijijini na mkewe, Bibi Yosefa, na pipa moja la asali. Mizinga yake bado iko kule kwenye mahame, mwendo wa siku nzima kwa miguu, na akienda kuitazama hukaa huko mpaka aridhike. Katibu kata hajamsamehe. Mpaka leo humtaja mkutanoni, mbele ya watu, kuwa ni mkaidi anayerudisha nyuma maendeleo. Ikiongezeka tuhuma moja juu ya hiyo, mzee huyu ataondoka na hatarudi. Hayo si maneno yangu, ni ya mkewe, na aliniambia akiwa ananikanda kwa maji ya vuguvugu nilipokuwa nimelala na malaria, sijui kama nitaamka.

Huku, kaka, ghala la asali haingii mtu isipokuwa mwenyewe. Hata mkewe haingii. Kwa hiyo nikitaka petroli, nasukuma pikipiki mpaka uani kwake, mzee anaingia, anatoka na chombo kimejaa, ananimiminia tangini mwenyewe kwa adabu, kama anayemkaribisha mkwe. Mimi naangalia na kushukuru. Sikuwahi kuliona debe lenyewe tangu siku lilipoingia humo.

Sasa sikiliza ugonjwa wa pikipiki, maana hapa ndipo ninapokuhitaji.

Njiani kuna mteremko mrefu unaoshuka kwenye bonde la mafunjo, na chini kuna daraja. Asubuhi bonde lile linajaa ukungu, baridi inaingia mpaka kwenye meno. Siku ya kwanza nilishuka vizuri, nimefunga mkono wa mafuta, pikipiki inateremka yenyewe. Nilipofika chini nikafungua mafuta nivuke, ikakohoa, ikazima. Mgambo wanaolinda daraja walikuwa wakiota moto. Wakacheka, mmoja akaja kunisaidia kusukuma. Nikafuata ulivyonifundisha, kwanza mafuta, kisha moto, kisha hewa, na mkono usifanye haraka kuliko kichwa. Nilifungua kifuniko cha tangi nisikie kama kilikuwa kimebana hewa, hakikuwa. Nikachomoa mpira kwenye koki, petroli ikatiririka. Nikafungua plagi, nikaikuta kavu kabisa, maana yake petroli inafika kwenye kabureta lakini haiingii kwenye injini. Basi nikafungua kikombe cha kabureta. Kisafi, kaka. Hakuna maji, hakuna mchanga, kitundu cha jeti kinapitisha mwanga. Nikafunga, nikapiga kiki, ikawaka kana kwamba haikuwahi kuugua. Mgambo wakanipigia makofi.

Nyumbani nikaosha tangi, nikasafisha chujio la koki, nikabadilisha waya wa plagi. Wiki iliyofuata ikazima pale pale. Nikafungua vile vile, nikakuta kusafi vile vile, ikawaka vile vile. Safari hii hakuna aliyecheka. Nilipokuwa nimechuchumaa na bisibisi, malori ya jeshi yakapita juu ya daraja, mengi, na mimi kwa ujinga nikainua kichwa kuyatazama. Nikamwona mgambo mmoja ananitazama ninavyotazama.

Niliporudi nilimweleza Mzee Kagoma kwamba petroli haifiki kwenye injini inavyotakiwa. Akasikitika kama nimempa habari ya msiba. Akasema, “Inatoroka hiyo, mwanangu. Kitu unachokisikia harufu ni kitu kinachoondoka.” Nikaona ni mazungumzo ya mzee tu. Laiti ningemuuliza anafanya nini humo ghalani.

Alhamisi iliyopita ndiyo siku yenyewe. Niliuanza ule mteremko nikisoma kila dua ninayoijua. Nilipofika chini ikazima, na gurudumu la mbele liko juu ya mbao za daraja. Safari hii mgambo hawakubaki kwenye moto. Walikuja wote, na kamanda wao mbele, mtu mzima mwenye koti refu, bunduki ameielekeza chini lakini kidole kiko mahali pake. Waliteremsha sanduku la dawa, lenye zile chache ninazobeba kwa dharura za njiani, wakamwaga kila kitu kwenye nyasi. Nikasema mimi ni mganga wa Nyakahura, mnanijua. Mmoja akasema wanaijua pikipiki, mimi hawanijui. Mwingine akanisemesha kwa Kisubi, nikashindwa kujibu, akawageukia wenzake.

Kamanda akasema polepole, “Kila ukifika hapa inazima. Ukikaa kidogo, ukishaona ulichotaka kuona, inawaka. Kwa nini inafia kwenye dalaja retu tu? Mbona haifii kwako?”

Nilijua kwamba hata mimi ningekuwa yeye ningeuliza hivyo hivyo. Akaniambia nifungue, hapo hapo, sasa hivi, aone huo ugonjwa kwa macho yake. Ugonjwa usipoonekana nitafungwa kamba. Nikataka kuanza na kifuniko cha tangi kama siku zote, akasema hapana, fungua pale unaposema mafuta hayapiti. Bisibisi ikaniponyoka mara kwa mara, na mgambo mmoja akawa ananiokotea, sijui kwa huruma au kwa kuchoka kusubiri.

Nilipoteremsha kikombe nikaona kitu ambacho sikuwa nimekiona siku zote. Kulikuwa na utando, mweupe unaoelekea manjano, umeganda pembeni, na jeti imezibwa kabisa. Hapo nikaelewa kila kitu kwa pamoja. Siku zile nilianza na tangi, nikaja koki, nikaja plagi, na muda wote huo joto la injini lilikuwa likipanda kwenye kabureta na kuuyeyusha utando. Nilipofika kwenye kikombe, ugonjwa ulikuwa umekwisha kuondoka. Ni baridi ya lile bonde iliyokuwa ikiugandisha. Kamanda kwa kuninyima muda ndiye aliyenionyesha.

Nikauchukua kwa ukucha, nikaunusa. Chini ya harufu ya petroli kulikuwa na harufu ya ghala la Mzee Kagoma.

Nta, kaka. Mzee alikuwa akiziba midomo ya madebe ya petroli kwa nta, kama wanavyoziba asali hapa ili isiharibike, ili petroli ya zahanati isitoroke kwa harufu. Na kila alipoinamisha debe kunitolea, petroli ilipita kwenye ile nta na kuila kidogo kidogo, nami nikaibeba tangini. Mzee alifanya kwa wema wote. Lakini nilijua pia ingesikikaje mbele ya katibu kata, kwamba yule mkaidi aliyekataa kuhamia kijijini ametia nta kwenye petroli ya serikali wakati wa vita. Wangemwita mhujumu, na Bibi Yosefa asingemwona tena.

Kamanda akauliza nimeona nini. Nikasema ni mshumaa. Nikasema niliziba kifuniko cha tangi kwa mshumaa ili mvua isiingie, ukayeyuka ukaingia ndani, kosa ni langu mimi mwenyewe. Nilisema haraka mno, kama mwongo anavyosema. Yeye akachukua ule utando kwenye kidole chake, akausugua, akaunusa. Mimi nilikuwa nimesahau jambo moja dogo, kwamba niko kwa watu wa nyuki.

“Mshumaa huu unanuka asari,” akasema.

Nilitazama viatu vyake. Akawafukuza wenzake warudi kwenye moto, akachuchumaa karibu yangu kama anakagua injini, akasema kwa sauti ya chini kwamba yeye pia ana mizinga, na hataki kujua nta ni ya nani. “Mimi nimeona mshumaa,” akasema. “Lakini kesho kutwa jeshi wanachukua hili daraja. Wao harufu ya asari hawaijui.”

Kisha akaniambia lililobaki. Taarifa yangu ilikwisha kwenda wilayani tangu pikipiki ilipozima mara ya pili, alipeleka yeye mwenyewe, na hawezi kuirudisha. Ninatakiwa Biharamulo Jumatatu, mimi na pikipiki, waikague. Nisipofika watakuja wao Nyakahura kuona mafuta yanawekwa wapi. Nilizibua jeti kwa sindano ya kuchomea wagonjwa, nikafunga, nikapiga kiki, ikawaka. Dawa zilizomwagwa nilizikusanya na tope lake.

Sasa ni Jumapili, na Jumatatu ni kesho.

Nilipofika nyumbani ile Alhamisi nilikwenda moja kwa moja kwa Mzee Kagoma nimweleze kwa upole, tubandue nta pamoja na yaishe. Nikamkosa. Amekwenda kwenye mizinga yake, na hakuna ajuaye atarudi lini. Nikamsubiri juzi, nikamsubiri jana. Leo nilipotoka kunawa, Bibi Yosefa alinikuta uani na ufunguo mkononi. Akasema mzee ameacha maagizo: nikihitaji petroli nipewe ufunguo niingie mwenyewe, kwa kuwa mimi ni mwanawe. Akasema tena, kwa furaha, kwamba pikipiki haitanisumbua sasa, maana kabla ya kuondoka mzee alikesha akiziba madebe upya, yote, kwa nta nyingi kuliko mwanzo.

Niliupokea ule ufunguo kwa mikono miwili. Kaka, hata mkewe hajawahi kuingia humo, na mimi nimeingia leo. Kuna giza na ubaridi, na harufu tamu inayokukaba koo. Asali upande mmoja, madebe yetu upande mwingine, yamepangwa vizuri kuliko asali. Kila mdomo umezibwa kwa nta nene, imelainishwa kwa mkono, na juu yake alama za vidole vyake zinaonekana, kimoja kimoja. Nilikaa chini nikalia. Nilimlilia yeye, na nikajililia mimi mwenyewe, sikufichi.

Bibi Yosefa sijamwambia kitu. Huyu mama hajui kuficha. Nikimwambia, kesho ataamka kabla yangu aende kwa katibu kueleza kwamba nta ni yao, ili mimi nisisumbuliwe, na ataeleza kila kitu bila kubakiza. Nimemwambia tu kwamba nasafisha madebe. Nimebandua nta yote kwa kisu, nimesugua midomo ya madebe kwa sabuni na majivu. Donge lililopatikana ni kubwa kama ngumi, na linanuka petroli, haliwezi kukaa katika nyumba ya mfuga nyuki. Nimelifukia nyuma ya zahanati, tunapofukia bendeji chafu.

Petroli iliyoko ndiyo hiyo hiyo, hakuna nyingine. Debe moja nimeliweka kivulini tangu asubuhi lipoe, nimechota ya juu taratibu, nimeichuja kwa shashi ya vidonda iliyokunjwa. Kabureta nimeizungushia kipande cha blanketi na kukifunga kwa waya, baridi isiifikie, mbali na ekzozi kisije kikaungua. Kesho kwenye mteremko sitafunga mafuta, nitashuka huku inavuta, nikishika breki, hata kama breki zitalia. Sindano nitaiweka mfukoni. Niambie, kaka, wewe ungefanya hivyo? Kuna kitu nimesahau? Najua jibu lako litafika mambo yamekwisha kuamuliwa, lakini nauliza hivyo hivyo, maana nikikuuliza naona kama umesimama nyuma yangu unashika tochi.

Nimefikiria kuiacha hapa niende kwa miguu. Lakini wameiita pikipiki yenyewe, na kama sikuipeleka watakuja kuifuata mpaka uani hapa. Nimefikiria pia kukimbia, na hilo nalikuambia wewe tu. Ningekimbilia wapi? Kila njia ina daraja.

Mke wangu Zuhura mwambie asije bado. Najua alikwisha kufunga mizigo na nilimwahidi kwamba baada ya mavuno angekuja na mtoto. Mwambie nyumba haijakamilika, usimwambie zaidi. Mtoto mbebe mabegani kwa niaba yangu. Mjomba, kaka yake mama, nisalimie, na umwambie ule ugoro wake nilimpa mzee mmoja wa huku akaupenda. Shemeji, mkeo, nampa pole ya kukufulia hizo suruali. Dada yetu mdogo aendelee na shule, vita isimsumbue. Mama mpe shikamoo yangu, na umwombe aniombee dua bila kumweleza ni ya nini.

Jambo la mwisho, kaka. Mzee Kagoma atarudi siku moja kutoka kwenye mizinga yake, amechoka, atafungua ghala lake na kukuta kila alichokiziba kimebanduliwa kwa kisu, mahali ambapo ni mimi peke yangu aliyeniruhusu kuingia. Nikiwa hapa nitamweleza mwenyewe, nimepiga magoti. Mkikaa miezi miwili bila kupata barua kutoka kwangu, basi mwandikie wewe, kwa jina lake, kupitia zahanati. Usieleze habari ya daraja. Mwandikie tu kwamba yule mwanawe hakuidharau nta yake.

Mimi mdogo wako, ninayekuheshimu na ninayekungoja,

Rashidi